Papa Mkubwa Asipandishwe Botini: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Uvuvi wa Mchezo Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi,
Kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar,
Kwa Kamisheni ya Utalii Zanzibar.

Waheshimiwa, assalamu alaykum.

Sisi ni manahodha na mabaharia wa boti zinazochukua wageni kwenda kuvua kwa mchezo, kaskazini ya Unguja na katika mkondo wa Pemba. Ombi letu tunalitanguliza ili lisije likapotea katikati ya maelezo. Tunaomba kanuni iseme wazi kwamba papa aliye hai na anayezidi urefu wa mita 1 na nusu hapandishwi kwenye boti ya uvuvi wa mchezo, popote katika maji ya Zanzibar. Kazi yake iishie majini, ubavuni mwa boti, na aachiwe hapo hapo. Boti isiyo na vifaa wala watu wa kuifanya kazi hiyo isipewe leseni.

Hatuombi kwa kumhurumia papa peke yake, ingawa huruma hiyo tunayo. Tunaomba kwa sababu anayeumia mwanzo huwa ni baharia, kijana wa Nungwi au wa Makangale anayelipwa kwa siku, aliyeambiwa ashike waya bila ya kuonyeshwa waya unashikwa vipi.

Boti nyingi zitajibu kwamba zenyewe hazivui papa. Ni kweli hazimtafuti, lakini papa huzifuata. Boti inarambaza jodari kuanzia Agosti hadi Novemba, au inatafuta sulisuli na nduaro kaskazi ikishaanza kuvuma. Jodari anashika, anapiga mbizi, anavutwa taratibu kutoka pima 40 huku akitetemesha maji na kutoka damu. Papa anaisikia mitetemo hiyo kutoka mbali. Mara nyingine kinachorudi botini ni kichwa cha jodari tu. Mara nyingine papa anammeza jodari pamoja na ndoana, na mgeni aliyekuwa akipigana na samaki wa kilo 30 sasa anapigana na mnyama wa kilo 200. Mkondo wa Pemba una kina cha kiasi cha mita 800, na upande wa magharibi wa kisiwa miamba inaanguka ghafla karibu na ufukwe. Leven, kaskazini ya Nungwi, nayo ni mwamba unaoinuka kutoka maji marefu. Mahali pa namna hii samaki wakubwa wa bahari kuu hupita karibu na nchi kavu, na papa hupita nao. Kwa hiyo vifaa tunavyovitaja hapa viwemo ndani ya kila boti ya mshipi, hata ile ambayo mwenyewe anaapa kwamba papa hamtaki.

Sasa kwa nini asipandishwe? Boti zetu nyingi ni za faiba, mita 8 hadi 10, zenye mashine mbili nyuma na sitaha ya wazi isiyozidi hatua chache. Papa wa milia mwenye mita 3 na nusu anaweza kupita kilo 200. Ukimvuta juu ya ubavu, uzito wote huo unakaa upande mmoja pamoja na watu watatu wanne walioinama kumvuta, na wimbi moja la kusi linatosha kuingiza maji. Akishaingia ndani hatulii. Anapiga mkia kushoto na kulia kwenye usawa wa vifundo na magoti, anavunja viti, anang'oa mipira ya mafuta ya mashine, na kinywa chake kinafika popote mwili unapofika, kwa sababu papa hujikunja mpaka akagusa karibu na mkia wake mwenyewe. Anayedhani kumkamata mkia kunamdhibiti papa hajamwona akijikunja.

Na yeye mwenyewe anaumia vibaya. Papa hana mbavu. Matumbo yake na ini lake kubwa hubebwa na maji, na akitolewa nje uzito wake unavibana na kuvirarua ndani kwa ndani. Akining'inizwa kwa mkia ni vibaya zaidi. Mashavu yake hayavuti pumzi hewani, na wengi katika papa wakubwa hupumua kwa kuogelea tu, maji yakiingia kinywani na kutokea kwenye mashavu. Papa aliyekaa sitahani kwa picha za dakika kadhaa anaweza kuondoka akiogelea, kila mtu akafurahi, kisha akafa chini ambako hakuna anayemwona.

Kazi ya kumwachia salama inaanza bandarini, kabla kamba haijafunguliwa. Cha kwanza ni ndoana. Tunaomba ndoana ya duara iwe ndiyo pekee inayoruhusiwa kwa chambo cha samaki mzima au kipande, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani kuelekea shina. Papa akimeza chambo na kugeuka, ndoana hiyo huteleza hadi kwenye pembe ya taya na kunasa hapo. Ndoana iliyonyooka humezwa na kunasa tumboni au kwenye mashavu, na hapo hakuna wa kuifikia. Isiwe imepindishwa pembeni, na isiwe ya chuma kisichoshika kutu. Ndoana ya chuma cha kawaida ikibaki mdomoni huliwa na chumvi mpaka ikadondoka. Ile ing'aayo hukaa. Mvuvi naye afundishwe kwamba ndoana ya duara haipigwi kwa kushtua rodi. Anaacha uzi ukaze wenyewe huku anazungusha rili. Akishtua anaichomoa mdomoni kabla haijanasa.

Cha pili ni waya. Karibu na ndoana panatakiwa chuma cha kusokotwa, mita 1 na nusu au 2, kwa ajili ya meno. Nyuma yake panafuata uzi mnene wa nailoni unaohimili kilo 200 au zaidi, mita 4 hadi 5. Wengi hukosea hapa kwa kufunga waya mfupi na kuunganisha moja kwa moja na uzi wa rili. Ngozi ya papa ni msasa. Akigeuka na kukimbia, uzi unapita ubavuni mwake na kwenye mkia, na uzi mwembamba hukatika hapo ukimwachia mita nyingi za takataka zinazomburuza. Sehemu nene iwe ndefu kuliko papa mwenyewe, na maungio yawe na pete ya kuzunguka, kwa sababu papa akichoka hujiviringisha, na bila pete waya hupinda vifundo na kuvunjika pale pale penye kifundo.

Cha tatu ni nguvu ya rili. Hapa tunajua tutabishana na baadhi ya wenzetu, maana wako wanaojisifu kumchosha papa kwa uzi mwembamba. Sisi tunasema kila dakika anayopigana ni sumu inayomjaa mwilini, na kila saa inayopita ni mikono ya watu inayochoka. Uzi unaohimili kilo 37 ufungwe breki ya rili ya kilo 10 hadi 12. Uzi wa kilo 60 ufungwe 18 hadi 20. Isikadiriwe kwa kuvuta na mkono. Funga mzani wa kuning'iniza kwenye uzi unaotoka ncha ya rodi, vuta, soma, kisha tia alama kwenye rili. Kipimo hicho kichukuliwe kila asubuhi, kwa sababu breki ya rili hubadilika kwa joto, mafuta na chumvi. Boti inayobeba rodi nyepesi pekee ikipata papa mkubwa ifanye jambo moja, ikate uzi mapema, kabla papa hajachoka.

Papa pingusi, yule mwenye kichwa cha nyundo, anahitaji sharti lake mwenyewe. Katika papa wote tunaowapata, huyu ndiye anayekufa upesi kwa kuvutwa. Anaweza kuachiwa anaogelea na baadaye akafa kwa uchovu wa kupigana. Pingusi mkubwa na yule mwenye kichwa kilichokatwa mikato wote wawili wako kwenye daraja la mwisho la hatari ya kutoweka duniani katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile. Tunapendekeza dakika 20. Zikipita hajafika ubavuni, uzi ukatwe. Akifika kabla ya hapo, hakuna kupima wala kungoja picha. Akatwe waya papo hapo.

Tukija kwenye kumleta ubavuni, nafasi ya kila mtu ipangwe mapema. Tunaomba boti ya uvuvi wa mchezo isitoke na wahudumu pungufu ya watatu. Mmoja awe kwenye usukani na asiuache kwa sababu yoyote, mmoja ashike waya, na mmoja awe na mkasi wa kukatia chuma mkononi, si kwenye sanduku, si chini ya kiti. Boti nyingi leo hutoka na wawili. Papa anapofika, nahodha anaacha usukani aje kusaidia, boti inageuka ubavu kwa mawimbi, uzi unaingia chini ya mkuku, na hapo ndipo mambo huharibika yote kwa mpigo.

Papa awekwe upande wa joshini, unakotoka upepo. Ukimweka demani, upande unakoelekea upepo, upepo unaisukuma boti imlalie. Boti isisimame. Itembee mbele polepole, noti 1 au 2, yaani maili 1 au 2 za bahari kwa saa, ili papa aelekee mbele, maji yapite mashavuni mwake na asizame chini ya boti. Kama kuna mashine mbili, tumia ile ya upande wa mbali naye na uache hii ya karibu bila gia. Usukani uelekee kidogo upande alipo, kwa sababu omo, mbele ya boti, ikigeukia kwake, shetri ya nyuma na propela huondoka kwake. Ukigeuza upande mwengine unampelekea propela mkiani.

Mgeni akae kwenye kiti au asimame magoti yakiegemea ubavu. Mara tu mshika waya anapoukamata uzi mnene, mgeni anapunguza breki mpaka karibu nusu na kufungua kulabu za mkanda wake. Sababu yake ni hii: papa akikimbia tena, mshika waya ataachia, na mshtuko wote utarudi kwenye rodi kwa ghafla. Breki ikiwa kali uzi hukatika. Mkanda ukiwa umefungwa na rili ikikwama, mtu huenda na rodi yake baharini.

Kuhusu kushika waya tunaomba mtuvumilie tueleze kwa urefu, maana hapa ndipo vidole vinapopotea na hapa ndipo mtu huvutwa akazama. Glavu ziwe za ngozi nene zinazokaa mkononi bila kukunjana, kwa sababu ngozi iliyokunjana ndiyo inayoukaba uzi. Uzi wa nailoni huzungushwa mkononi mara moja tu, na kwa namna ambayo ukifungua vidole unatoka wenyewe. Mkono unapita juu ya uzi, unageuka, uzi unapita nyuma ya kiganja na kutokea kati ya kidole gumba na cha shahada. Mizunguko miwili haifunguki papa akivuta. Uzi wa juu unaulalia wa chini na kuubana, na hakuna nguvu ya binadamu itakayoufungua. Waya wa chuma hauzungushwi hata mara moja. Hushikwa kwa kufumbata, na kama haushikiki kwa kufumbata basi papa bado ana nguvu na hajafika wakati wake. Mshika waya aangalie papa, asiangalie mikono yake, na miguu yake iwe imetangulizwa mmoja chini ya ubavu. Avute kwa mgongo na mapaja, mkono kwa mkono, na awe tayari kila wakati kuachia kwa mikono yote miwili.

Uzi uliokwishavutwa uende wapi? Usiachwe ukalala sitahani. Kitanzi kilicholala miguuni hukaza kifundo cha mguu mara papa anapozama, na mtu huondoka botini kabla hajapiga kelele. Urudishwe majini nyuma ya mshika waya, au wa tatu auingize kwenye beseni. Kila aliyeko sitahani avae viatu. Kila aliyesimama upande wa waya avae miwani, kwa sababu waya uliokazwa ukikatika au ndoana ikichomoka, chuma hurudi usoni kama risasi.

Papa akishakaa ubavuni na kuogelea sambamba na boti, mapezi yakiwa juu ya maji, mna dakika 2. Picha ipigwe kutoka juu, mgeni akiwa ndani na papa akiwa majini. Urefu upatikane bila ya kumgusa. Pakeni rangi kwenye ubavu wa boti kila nusu mita, mumlinganishe pua na mkia. Alama hizo zinagharimu kopo dogo la rangi, na zinamwondolea mgeni kila sababu ya kusema lazima apandishwe ili apimwe. Mikono isivuke ukingo wa boti. Mkuki na kulabu visitumike kwa papa wa kuachiwa. Wala asifungwe kamba mkiani ikiwa hakuna sababu ya utafiti, kwa sababu ukimvuta kwa mkia maji yanaingia mashavuni kinyume na unamzamisha kwenye maji yake mwenyewe.

Ndoana ikionekana kwenye pembe ya taya, fimbo ya kuchomolea yenye urefu wa mita 2 inatosha. Inateleza juu ya waya hadi kwenye mpindo wa ndoana, kisha inasukumwa chini huku waya umekazwa. Ikishindikana mara ya pili, msijaribu mara ya tatu. Kateni. Mkasi wa kukatia chuma uwe wa mikono mirefu, angalau sentimita 60, na ukate karibu na ndoana kadiri inavyowezekana, waya unaobaki usizidi sentimita 30. Kabla ya kukata, mkataji aseme kwa sauti "nakata", na mshika waya alegeze kidogo. Kama papa anaegemea upande au hapigi mkia, msikate bado. Muongozeni na waya, boti ikitembea noti 1 au 2, mdomo ukielekea mbele, mpaka mkia urudi kupiga kwa nguvu. Inachukua dakika chache, na mnajua kabisa wakati wake ukifika, maana anauvuta waya mwenyewe.

Yuko atakayeuliza: na papa aliyekwisha kufa kwenye mshipi je? Hatusemi atupwe. Visiwani papa ni kitoweo, na papa mkavu wa nazi hakuna asiyemjua. Lakini asihesabiwe amekufa kwa sababu ametulia. Papa aliyetulia huzinduka, na taya la aliyekufa hufunga likiguswa hata baada ya muda mrefu. Afungwe kitanzi mkiani na kamba kwenye mashavu, akokotwe ubavuni nje ya boti, apandishwe baada ya kutopiga mkia wala kufungua mashavu kwa nusu saa nzima, na kichwa kisiguswe na mkono mtupu. Kisha aandikwe. Na tunaomba Wizara ya Afya nayo iseme neno, kwa sababu papa mkubwa hukusanya zebaki mwilini kwa miaka, na wajawazito na watoto wadogo hawafai kulishwa nyama yake.

Hapa tuseme pia kwamba barua hii haiwagusi ndugu zetu wa jarife, nyavu za macho makubwa, na wa dhulumati, mshipi mrefu wa ndoana nyingi, wanaolisha nyumba zao. Uvuvi wao una mazungumzo yake, na hauwezi kuanza kwa kuwabana wao huku mgeni aliyelipa kwa siku moja akiruhusiwa kuua kwa ajili ya picha. Tukianza na boti za mchezo, tunaanza na wenye uwezo wa kununua mkasi.

Ndiyo maana tunaomba jambo la pili: kuning'iniza papa kwenye mti wa mizani gatini kwa maonyesho kupigwe marufuku, Nungwi, Kendwa, Matemwe, Mkoani na kwengineko. Picha moja ya aina hiyo ikishasambaa, mgeni anayefuata anadai yake, na nahodha aliyekataa anapoteza kazi kwa nahodha aliyekubali. Sisi wenyewe hatuwezi kulizuia hili kwa kukubaliana kwa mdomo. Kanuni inaweza. Pamoja na hilo, wageni waambiwe mapema kwamba taya, meno na mapezi si zawadi za kubeba. Pingusi wako kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu uamuzi wa 2013, na mkutano wa Panama wa 2022 uliongeza aina nyingi za papa. Kuvusha sehemu zao mpakani bila ya kibali ni kosa litakalomkuta mgeni uwanja wa ndege, na jina la Zanzibar likiwemo.

Kumwaga damu na matumbo ya samaki ili kuvuta papa kusiruhusiwe karibu na fukwe za kuogelea wala maeneo ya kuzamia, Mnemba na Misali yakiwa ya mwanzo. Tunapendekeza maili 3 kutoka ufukweni, mkiona zaidi inafaa sisi hatupingi. Mabaki ya samaki waliopasuliwa gatini nayo yasitupwe pale pale watoto wanapoogelea jioni.

Kwenye orodha ya ukaguzi wa Mamlaka ya Usafiri Baharini, pamoja na maboya ya kujiokolea, redio na fataki, tunaomba viongezwe hivi: mikasi miwili ya kukatia chuma, fimbo ya kuchomolea ndoana, jozi tatu za glavu za ngozi, miwani, kisu kilichofungwa mahali pa wazi kila upande wa sitaha, na mikanda miwili ya kubana damu. Mkanda huo ndio tunaousisitiza. Mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa paja au mkono anaweza kumaliza damu ndani ya dakika chache, na hakuna boti itakayofika nchi kavu kutoka mkondo wa Pemba kwa muda huo. Mkanda hufungwa juu ya jeraha, kiasi cha upana wa kiganja, si kwenye kiungo chenyewe cha goti wala cha kiwiko, hukazwa mpaka damu ikome kabisa, na saa yake huandikwa kwenye paji la uso au mkononi. Haulegezwi baharini. Huku mmoja anakaza, mwengine anaita kwenye chaneli 16 ya redio. Mbinu ya kufunga kwa kitambaa chembamba au kamba ya mshipi tunaiomba ikome, maana inakata nyama na damu inaendelea. Kila boti iwe imebandika karibu na usukani namba za hospitali iliyo karibu na njia yake, Kivunge kwa boti za kaskazini Unguja, Abdalla Mzee kwa boti za Mkoani, na jina la gati ambako gari litasubiri. Ndoana kubwa ikimwingia mtu, waya hukatwa kwanza, mtu atenganishwe na papa. Ndoana yenyewe huachwa humo mpaka kwa daktari.

Mafunzo hayahitaji darasa wala fedha nyingi. Pipa la plastiki la lita 200 lililojaa maji, likifungwa waya na kukokotwa na boti nyengine, humpa kijana uzito wa kutosha kujifunza kushika, kuachia, na kukata. Asubuhi moja kwa boti nne, bahari ikiwa shwari wakati wa matlai, na cheti kidogo kutoka Idara ya Uvuvi. Asiye na cheti asishike waya.

Kila papa aandikwe, aliyeachiwa na aliyekufa: aina, urefu kwa alama za ubavuni, mahali, muda wa kupigana, ndoana ilipokuwa, na hali yake alipoondoka. Karatasi moja kwa safari, nakala iende ZAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Zanzibar. Leo hakuna anayeweza kuwaambia ni papa wangapi wanaokutana na boti za mshipi kwa msimu, na sisi tunaowaona tunatamani kuisaidia hesabu hiyo.

Tunaomba kanuni hizi ziwe masharti ya leseni kabla boti hazijaanza msimu wa kaskazi ujao, na kabla ya hapo mtuite tukae na wakaguzi wenu. Boti na pipa tutaleta wenyewe, Nungwi au Mkoani, siku mtakayoichagua.

Wenu katika kazi,
Manahodha na mabaharia wa boti za mshipi,
Unguja na Pemba